Paa Lisilo na Mwenyewe

Halmashauri ilitangaza kwa furaha kubwa, katika barua yenye mihuri minne, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna paa litakalojificha tena. Mpango Mkakati wa Picha za Anga kwa Uwazi Endelevu ulizinduliwa, utepe ukakatwa, na droni yenyewe ikapigiwa makofi kabla haijaruka.

Aliyekabidhiwa droni hiyo alikuwa Mpima Ardhi, mwanamke wa kofia pana na maneno machache. Kazi yake ilikuwa kuupiga mji mzima picha ili majengo yenye dosari yajulikane, kisha yabomolewe. Mkurugenzi alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwagiza kwamba kule kilimani wanakokaa waheshimiwa droni ipae mara tatu zaidi. Watu wazito hawapigiwi kelele za nyuki. Tena kitu kikiwa mbali huonekana kidogo, na kitu kidogo hakina haja ya kujadiliwa.

Mpima Ardhi akaeleza kwa adabu kwamba kamera ile ina lenzi kali. Hata ukipaa juu, baadaye unaivuta tu picha kwenye skrini, nayo inatoka safi kiasi cha kuhesabu misumari ya paa.

"Mama, hapa Mkurugenzi ni nani?" akaulizwa.

Basi, akaipaisha. Wiki mbili droni ilikuwa ikienda na kurudi angani kama mtu anayepiga deki, kila mstari wa picha ukiulalia kidogo ule uliotangulia ili ramani iungane. Kadi yenye picha za kilimani ilifungwa kwenye bahasha kwa lakiri, maana mtumishi wa ngazi ya chini hana kibali cha kutazama mapaa ya ngazi ya juu. Za mabondeni alizikagua mwenyewe, na namba moja kwenye orodha ya kubomolewa ikawa jiko la shangazi yake. Lilikuwa limevuka mpaka kwa sentimita kumi na tisa.

Shangazi huyo ndiye aliyemlea, na jiko hilo la kuwapikia mafundi wa gereji ndilo lililomsomesha hadi akaijua hiyo sentimita. Habari kama hiyo haipelekwi kwa simu. Akaenda, akamwamkia, akasema. Shangazi aliendelea kumenya vitunguu, akauliza sentimita kumi na tisa ni kiasi gani. Mpima Ardhi akamwonyesha kwa mikono.

"Wewe fanya kazi yako, mwanangu," Shangazi akasema. "Usije ukafukuzwa kwa ajili ya sufuria zangu."

Njiani Mpima Ardhi alilia, akajifuta machozi kwa kofia. Tingatinga lilikuwa lije kesho yake asubuhi.

Jioni hiyo ukumbi wa Halmashauri ulijaa wananchi walioitwa kuonyeshwa picha. Mkurugenzi alisoma mwongozo alioutunga mwenyewe: mwenye paa lenye dosari atasimama na kukiri kuwa ni lake, na paa likikosa mwenyewe litabomolewa kabla ya yote, hati ikisainiwa papo hapo. Kisha akaipasua bahasha, akampa Mpima Ardhi kadi na kuagiza waanzie kilimani, wananchi wapate kuona ujenzi wa watu wastaarabu.

Kwenye skrini ikatokea nyumba ya vyumba kumi na kimoja, paa la kijani, kweli dogo kama kidonge.

"Vuta," Mkurugenzi akasema kwa fahari.

Mpima Ardhi akavuta. Rangi ya kijani ilikuwa imebanduka kwa mvua, na chini yake, kila bati lilikuwa na maandishi ya upana wa shubiri: MALI YA SHULE, HAIUZWI.

Wote waliyakumbuka mabati hayo. Yalipotea mwaka juzi, tume ikaundwa, ikakaa siku arobaini, ikabaini kuwa yamepeperushwa na upepo. Tangu hapo watoto walisomea chini ya turubai.

"Huo upepo ni fundi," Mwalimu Mkuu akasema taratibu. "Umeyapigilia na misumari."

Mpima Ardhi akafungua mwongozo, akasoma kwa sauti ya kiofisi kwamba mwenye paa anaombwa asimame. Mkurugenzi, ambaye alikuwa amesimama, akakaa. Mkewe akageuka akamtazama.

"Nyumba ile siijui," akasema Mkurugenzi. "Labda ni ya mtu."

Basi ikaandikwa kuwa haina mwenyewe. Dereva wa tingatinga, lililokuwa moja tu, akapiga hesabu palepale: vyumba kumi na kimoja vingemaliza mafuta ya mwaka mzima. Majiko yangengoja, na huko mbele Mungu anajua. Nyuma ya ukumbi Shangazi alicheka hadi akashikiliwa. Mwalimu Mkuu naye akaomba mabati yashushwe polepole, yasipinde.

Ilibaki kutiwa sahihi tu. Mpima Ardhi alimsogezea Mkurugenzi hati na kalamu, kwa mikono miwili, kwa heshima zote za cheo chake. Mkurugenzi akasaini. Mkewe alikuwa keshatoka, amekimbilia nyumbani kuanua nguo.