Mwaka Nilioifuta Krismasi

Jumamosi, 20 Desemba

Nimeifuta Krismasi. Rasmi! Mwaka huu, nyumbani kwa Kitonga, haitakuwepo. Wengine waendelee nayo, sina kinyongo.

Asubuhi binti yangu Jecinta alipiga simu kutoka Nakuru. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, kisha akanyamaza vile anavyonyamaza mtu mwenye habari mbaya mdomoni. Akasema hawataweza kuja. Wakwe zake wanakuja kwake, tena mtoto bado mchanga, na joto la pwani hili. Nikamkatiza kabla hajaanza kulia. Nikasema asijali hata kidogo, nimekwisha kualikwa kwa Japheth, nitakula mpaka vifungo vikatike. Akashusha pumzi. Nilisikia kabisa mzigo ukimtoka.

Jioni, Japheth mwenyewe huyo! Ni jirani yangu, mwalimu wa kwaya, mtu wa kujua kila kitu. Tumebishana tangu tulipopewa mashamba haya ya skimu: mipaka, mbegu, Biblia, yote. Akanialika kweli. Watoto wake wote wanakuja na wajukuu, mbuzi amefungwa tayari, nisikose.

Nikajiona mimi huyo kwenye kiti cha plastiki, sahani mapajani, wajukuu wa mtu mwingine wakinizunguka, na wakaza wanawe wakinong'onezana kwamba huyu ndiye yule aliyefiwa. Nikasema ahsante, bahati mbaya nasafiri. Naenda Nakuru kwa Jecinta.

Basi binti anajua niko kwa Japheth. Japheth anajua niko kwa binti. Kila mtu ametulia. Nami nitakaa ndani ya nyumba yangu raha mustarehe, mlango umefungwa, mpaka siku ile ipite juu ya bati iende zake. Sijui kwa nini watu hawafanyi hivi kila mwaka.

Jumapili, 21 Desemba

Balaa. Japheth amelitangazia kanisa zima. Mchungaji akaniita mbele niombewe safari. Nikasimama, macho nimeyafumba, mikono ya wazee kichwani, na uongo wangu ukabarikiwa. Aliomba kwa bidii: barabara, breki, dereva. Kisha akamwombea "mjukuu anayemngoja babu yake." Hapo nikasema amina kabla hajamaliza.

Mtoto huyo alizaliwa Oktoba. Wamempa jina la mke wangu, Syovata. Sijaweza kulitamka. Jecinta akipiga simu nauliza tu, mgeni hajambo?

Syovata mwenyewe tulimzika Februari. Kwenye kwaya aliimba sauti ya pili. Leo mahali pake alisimama msichana mmoja, anaimba vizuri, hana kosa lolote. Nilimchukia mpaka wimbo ukaisha.

Jumatatu, 22 Desemba

Sikukumbuka kwamba msafiri hutumwa!

Alikuja Bi Yusra, jirani yangu wa upande wa pili, mjane, mwenyeji wa hapa hapa Msambweni. Jecinta alikulia kwenye mkeka wake. Ameleta nazi, na leso mpya ya kumfunikia mtoto. Imeandikwa "Mwana ni taa". Akasema nimfunike mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nimwambie bibi yake wa pwani anamsalimu. Nikasema inshallah. Ningesema nini?

Kisha akauliza kuku watabaki na nani. Nikasema watajitafutia. Akasema si watoto wa barabarani hao. Atakuja mwenyewe kila siku kuwalisha mtama.

Yaani atakuwa uani kwangu kila siku. Sikulipenda jambo hili hata kidogo.

Nimefunga mkoba. Safari ni ya uongo, lakini nimejikuta nachagua shati. Nikalipiga pasi pia.

Jumanne, 23 Desemba

Nilitaka kuondoka kimya. Japheth akaja na pikipiki mpaka mlangoni, akasema mtu hasafiri kama mkimbizi. Akanifikisha steji, akanichagulia kiti, akamwonya dereva kwamba mzee huyu asirushwerushwe. Halafu akasimama pale pale kungoja gari liondoke. Nikampungia mkono. Naye akapunga mikono yote miwili, kama anayeaga meli.

Nikashuka njiani tu, Ukunda. Kutwa nzima nilikuwa kwenye hoteli moja ya chai, nyuma ya gazeti, kofia imenifika puani. Wahudumu wamevishwa kofia nyekundu zenye manyoya meupe, jasho linawachuruzika. Redio inaimba theluji. Theluji! Hata siagi mezani ilikuwa imekuwa maji. Mhudumu akaniuliza kama namngoja mtu. Nikasema ndiyo, ili aniache. Akaenda akaleta kikombe cha pili, akakiweka upande wa pili wa meza, kikitazama kiti kitupu.

Nilipochoka kukiangalia nikakinywa.

Jioni nikarudi, nikashuka mbali na kwangu, nikakata katikati ya mikorosho. Mbwa wa Japheth akanijua mara moja! Akanifuata kwa furaha, mkia kama fagio. Nilimsihi. Nilimtishia. Mwishowe nikamhonga nusu ya mkate. Nimeingia kwa mlango wa nyuma, sijaonekana na mtu. Ushindi!

Jumatano, 24 Desemba

Kujificha ni kazi. Redio siwezi kuwasha. Choo kiko nje; sitaandika zaidi kuhusu hilo. Nimekohoa ndani ya mto. Chafya iliponijia nilikimbilia kabatini, nikaipigia kati ya nguo za Syovata ambazo sijazitoa. Nikabaki humo muda mrefu kuliko chafya ilivyohitaji.

Bi Yusra alikuja na mtama. Nikasimama nyuma ya mlango, pumzi nimeibana. Alipomaliza kuku nikasikia fagio. Anafagia uwanja wangu! Japheth akapita, wakajuliana hali. Bi Yusra akasema alhamdulillahi Baba Jecinta amekwenda kwa mwanawe, maana alikuwa na hofu mtu huyu angejifungia humu ndani peke yake kama popo.

Popo!

Nikangoja Japheth aseme jambo la kijinga nipate kumchukia vizuri.  Badala yake akasema nyumba yake imejaa watu mpaka barazani, lakini hana hata mmoja wa kubishana naye. Watoto ni ndiyo baba, ndiyo baba tu. "Kitonga angeniambia mbuzi yule amekonda," akasema.

Na kweli amekonda! Nilimwona tangu Jumamosi. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye komeo. Halafu nikafikiria nitakavyoeleza, nikaurudisha.

Alhamisi, 25 Desemba

Nitaandika yote, ingawa uso bado unaniwaka.

Niliamka nikiwa nimeamua: ni siku kama nyingine. Nikala mkate kwa maji. Nikalala tena. Nikaamka. Bado ilikuwa Krismasi. Kutoka kwa Japheth zilikuja nyimbo, vicheko, mtoto anachapwa, mtoto anabembelezwa. Harufu ya pilau ikapita chini ya mlango bila hodi.

Syovata alikuwa akipika chapati tangu alfajiri ya siku hii. Ya kwanza, ile isiyokaa sawa, alinipa mimi. Alisema ni haki ya mwenye nyumba. Miaka yote ya ndoa nimekula ile mbovu, nami nikajiona mfalme. Nikajiambia: chapati si sherehe. Chapati ni chakula. Jiko la gesi halitoi moshi. Nani atajua?

Unga ukaniruka, usoni, suruali yote. Nikaivua suruali, nikajifunga kitu cha kwanza nilichoshika, kumbe leso ya mtoto. Chapati ya kwanza ikatoka pembe pembe, imeungua upande mmoja. Sawasawa kabisa na zile zake! Nikaishika. Ikapoa mkononi. Hakuna aliyenipa, na hakuna wa kumpa. Nikaiweka kando, nikaendelea kupika nisipate nafasi ya kuitazama.

Harufu sikuifikiria. Bi Yusra alikuwa uani na mtama wake. Nyumba imefungwa, mwenyewe yuko Nakuru, na chapati zinanukia! Akapiga ukelele uliofika kanisani: "Mwizi! Jamani mwizi! Tena anapika!"

Wakaja wote. Japheth mbele na mchi, wanawe na fimbo, wajukuu nyuma yao, na nusu ya kwaya. Mlango ukasukumwa. Nami nimesimama pale, leso kiunoni, uso mweupe pe kwa unga, mwiko mkononi. Mtoto mmoja akauliza kama huyu ndiye Baba Krismasi.

Nikafungua mdomo. Nikasema basi liliharibika Voi. Nikalieleza vizuri kabisa: moshi, fundi aliyekosa spana, abiria waliolia. Japheth alikuwa akiitikia kwa kichwa. Alitaka kuniamini, maskini. Ndipo simu yake ikalia. Simu yake ni mbovu, haisikiki ila kwa spika. Sauti ya Jecinta ikajaa jikoni.

"Shikamoo mwalimu. Heri ya Krismasi. Nilitaka tu kukushukuru kwa kumkaribisha baba. Anakula?"

Hakuna aliyecheka. Ningetoa chochote wacheke.

Japheth akanitazama, akatazama meza. Akasema polepole, "Anakula, mwanangu. Anakula chapati." Akanipa simu, akatoka, na mchi wake chini ya kwapa.

Bi Yusra akawafukuza waliobaki, akasema hapa si sinema. Jecinta akauliza mbona kelele zimekatika. Nikamwambia ukweli, kwa kuwa hakukuwa na uongo uliobaki karibu. Nikasema niko nyumbani, peke yangu, tangu juzi.

 Akaanza kulia, kile kilio nilichokikatiza Jumamosi. "Baba, mimi nami sina mgeni hapa. Wakwe hawakuja. Hata hawakupanga kuja. Nilishindwa tu kuingia nyumba hiyo na mama hayumo."

 Nyuma yake mtoto naye akaanza kulia. Nikauliza, kama mjinga, huyo ni nani.

"Ni Syovata, baba."

Nikasema, "Mwambie..." Nikashindwa kumaliza. Jecinta akasema atamwambia.

Bi Yusra alikuwa ameketi sakafuni. Alikuwa amekwisha kula ile chapati ya kwanza, yote, nami sikumwona. Akasema haina chumvi. Akanisimulia kwamba Idd ya kwanza baada ya mumewe, Abdurahman, kufariki, alijifanya mgonjwa ili asitembelewe. "Marehemu mkeo akaja na uji wa mgonjwa, hauna sukari, akanisimamia mpaka nikaumaliza. Akarudi jioni na mwingine!" Tukacheka sana. Kisha tukaacha kucheka, akanivunjia nazi moja aliyomletea mjukuu wangu, tukala.

Japheth hakurudi. Alimtuma mjukuu achukue simu na kuniletea sahani ya nyama, imefunikwa vizuri. Sijui kama nimesamehewa au nimelishwa tu. Mbuzi alikuwa amekonda kweli. Sikuwa na wa kumwambia.

Ijumaa, 26 Desemba

Nilikwenda kwa Japheth kuomba radhi. Maneno nilikuwa nimeyapanga vizuri njiani. Nikamkuta anarundika viti vya plastiki. Watoto wameondoka alfajiri, uwanja umejaa maganda na ukimya. Kabla sijaanza akasema hana neno nami, ila moja.

"Ungesema tu hutaki kuja, Kitonga. Mimi nilikupungia mikono miwili."

Maneno yangu yote yakanitoka. Nikachukua kiti, nikakipachika juu ya kingine. Tukafanya kazi bila kuongea. Viti vilipokaribia kwisha nikasema mbuzi wake alikuwa mwembamba. Akasimama wima. Akasema mbuzi alikuwa mnono, shida ni kwamba mimi sijawahi kujua nyama. Nikasema ninajua nyama tangu yeye hajui kuimba. Tukabishana mpaka jua likatupiga utosini! Sijafurahi hivyo tangu Februari.

Akanialika Mwaka Mpya. Hakuna wageni, akasema. Yeye, mkewe na mimi, basi.

Nilikuwa nakubali. Naapa nilikuwa nakubali, neno lilikuwa ulimini. Lakini mkewe akatoka na chai, na alipompa kikombe akampangusa vumbi begani, bila hata kumtazama, vile mtu anavyojipangusa mwenyewe. Nikausikia mdomo wangu ukisema bahati mbaya sana, Mwaka Mpya nitakuwa Nakuru. Safari hii kweli, nikaongeza. Japheth akaipuliza chai yake. Akasema sawa.

Sijafika nyumbani Jecinta akapiga. Sauti imemkauka, lakini ilikuwa na uchangamfu. Akasema kama yeye hawezi kuja huku, basi mimi niende huko, Mwaka Mpya, nimwone mtoto, nimbebe. Nikasema ningependa mno, mwanangu, lakini nimekwisha kumwahidi Japheth, na baada ya yaliyotokea siwezi kumvunja moyo tena. Akasema anaelewa. Akasema baba una roho nzuri.

Mchana wote nimekaa nikitafakari kama mtu mzima. Nimeupitia mpango mwanzo hadi mwisho, na wenyewe hauna kasoro yoyote. Kosa lilikuwa kupika. Mwaka Mpya nitakula mkate, tena wa jana, usio na harufu.