Mzinga Mtupu Kwenye Mkwaju

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Nimekuta kiti cha Ghalibu chini ya mkwaju. Tena! Mkwaju ule wa kiwanja cha mtaa niliugundua mimi, Damas, karani mstaafu. Kivuli pekee cha maana mtaani kwetu. Jirani yangu huyu kaufuata juzi tu, na birika lake la kahawa. Akanikaribisha. Ananikaribisha kwangu!

Jumanne, 8 Oktoba
Dawa imepatikana. Kwetu Unyamwezi mti wenye mzinga una mwenyewe, watu hukaa mbali. Nimekwenda Kwihara kwa mjomba Valentino, mrina asali. Shikamoo yangu aliipokea vizuri, kisha akauliza nataka nyuki au nataka nini. Nikasema mzinga mtupu, basi. Akanipa mzinga wake wa zamani wa gogo, akaonya kwamba mzinga unaonukia nta haukai mtupu Oktoba, nyuki wanapotafuta makao. Wazee kwa hofu! Nimeutundika mkwajuni.

Jumatano, 9 Oktoba
Ghalibu kazaliwa Tabora, mila anazijua. Kauona mzinga, kahamisha kiti. Nimekaa peke yangu asubuhi nzima. Raha! Ila nimeona nyuki mmoja. Halafu sita. Nikajipa moyo kuwa ni wapita njia. Advera, mke wangu, kasema hao wamekuja kukagua nyumba.

Alhamisi, 10 Oktoba
Wamehamia. Wote! Nimekimbia, ndala moja imebaki kule. Mbuzi wa jirani kakata kamba. Mwenyekiti wa mtaa, Bi Gaudensia, kaja amejifunika kanga kichwani.
"Damas, Jumamosi mchana nikiukuta mzinga huu, naleta msumeno. Mti chini."
Mkwaju wangu! Simu ya mjomba haipatikani.

Ijumaa, 11 Oktoba
Bado haipatikani. Nimeuzunguka mti kwa mbali mara kumi. Umeanza kuchanua: maua ya njano yenye mishipa myekundu. Miaka yote nakaa chini yake, sikuwahi kuyatazama. Nimelia. Ghalibu, akitoka msikitini, akauliza kulikoni. Nikamweleza yote, isipokuwa sababu. Akawasha pikipiki, akaenda Kwihara mwenyewe.

Jumamosi, 12 Oktoba
Mjomba kafika kabla jua halijatoka. Kafukiza moshi, kaziba tundu kwa majani, kaushusha mzinga, kaondoka nao. Mchana Bi Gaudensia kaja, hakukuta mzinga, kaondoka na msumeno wake. Mkwaju umepona!
Ghalibu kaweka viti viwili, kanimiminia kahawa. Kaniambia sababu ya mzinga anaijua tangu Jumatano, kumbe, na bado alikwenda Kwihara. Nimeona aibu ya kweli. Nimemshukuru kwa moyo wote.
Lakini kiti chake ndicho kilichokuwa upande wa kivuli cha mchana.
Nimempigia mjomba. Leo simu imepatikana. Mzinga mwingine anao. Nimemwomba auoshe nta yote kwa sabuni kwanza.