Barabara Niliyowachorea Majirani

Jumatatu, 3 Machi

Nimekubaliwa! Chuo kimenipa nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya mipango miji. Ada sina. Shangazi, ambaye ndiye anayenilisha, anasema nipite nyumba kwa nyumba niwaombe majirani kwa adabu. Kuomba! Mimi, msomi! Nina mbinu bora. Nitaupima mtaa mzima, nichore ramani yenye barabara pana, Jumapili niwaonyeshe. Wakiiona kazi yenyewe watachanga bila kuombwa. Nimeazima futi ya seremala na kofia ngumu ya mjenzi. Kofia inanipwaya, ila inaleta heshima.

Jumanne, 4 Machi

Nimepima tangu asubuhi. Kila nyumba niliichora X ukutani kwa chaki nyekundu, nisije nikasahau nilipoishia. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nikipita, watu kimya. Heshima hiyo! Nikamwomba kinyozi anishikie ncha ya futi. Kinyozi huyu hunicheka kila siku, huniita Profesa Njaa. Leo hakucheka. Alikuja mbio, na mteja wake kaachwa ndani kanyolewa upande mmoja.

Jumatano, 5 Machi

Balaa! Shangazi amerudi kutoka dukani midomo imempauka. Mtaa mzima unasema bomoabomoa ya kupitisha barabara inakuja. Nyumba yenye X haibaki. Na eti mimi ni mtu wa manispaa, siku zote nilikuwa najificha tu. Shangazi kanishika mkono, kaniambia nitoke sasa hivi nikaseme ukweli. Nikaenda. Mlangoni nikakutana na kinyozi, kashika bahasha kwa mikono miwili. Akaniita mkubwa. Akaomba barabara ipinde kidogo, imkwepe. Nilifungua kinywa kusema ukweli. Kikatoka: "Nitaliangalia hilo."

Ee Mungu, mdomo huu!

Alhamisi, 6 Machi

Bahasha zinaingia. Kila mtu anataka barabara ipinde kwa jirani yake. Nimekubali kila ombi. Barabara sasa imejikunja kama utumbo. Naogopa hata kuitazama ramani.

Mchana kaja Bucha, muuza nyama anayetazamana na kinyozi. Hakubisha hodi. Aproni ina damu. Bahasha hana. Akakaa kitandani kwangu, kitanda kikalalamika. Akasema kwa upole kwamba mama yake hawezi kuinuka, amelala chumba cha mbele, na tangu juzi anauliza aanze kufungiwa vyombo au asubiri. "Tingatinga likija," akasema, "nitalala mbele yake. Lakini kabla sijalala, mdogo wangu, nitakutafuta wewe." Akanipigapiga begani, akaondoka. Bega bado zito.

Ijumaa, 7 Machi

Mbinu mpya: kufuta alama zote alfajiri, kimyakimya, mtaa usahau. Nilianzia kwa Bucha, kwa sababu zinazoeleweka. Kinyozi akaniona. Akapiga yowe kwamba namwokoa Bucha, kwa hiyo nyumba itakayoliwa ni yake yeye! Milango ikafunguka. Nikatimua mbio, kofia ikabaki njiani. Nikajificha kabatini mwa shangazi, katikati ya magauni, nimeuma mkono meno yasigongane. Nikamsikia akiwaambia kwa sauti kwamba sipo. Shangazi wangu mpenzi! Kisha akafungua kabati.

"Toka," akasema. "Nimewaambia hupo ili wapoe. Wamepoa. Nenda."

Nilisema ukweli nimeng'ang'ania fremu ya mlango. Kwamba sina cheo, sina barabara, nina nafasi ya chuo tu na ada sina. Kinyozi akataka nipigwe. Wawili wakaanza kukunja mikono ya mashati. Bucha akasema wasubiri. Akaingia kwake, akatoka amembeba mama yake mikononi kama mtoto mchanga. Bibi akanitazama kuanzia miguuni.

"Ndiye huyu?" akauliza. "Mbona mwembamba hivi?"

Mtu akacheka. Mwingine naye. Mimi nilikuwa nalia. Nilimpigia magoti nikamwambia hakuna atakayegusa chumba chake. Akasema afadhali, maana vyombo ni vingi na mwanawe hajui kufunga.

Jumapili, 9 Machi

Nimesugua kuta zote, mtaa mzima umekaa unanitazama. Kila Bucha alipokohoa, kitambaa kilinidondoka. Shangazi amezirudisha bahasha kwa wenyewe, akiomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Hilo limeniuma kuliko kama ningepigwa.

Halafu, mchango umepitishwa! Si wa ada. Wa nauli, niende kwa mjomba, mbali. Sijapata kuona watu wakichanga kwa moyo mkunjufu namna ile. Kinyozi kachanga mara mbili.

Jumatano, 12 Machi

Niko kwa mjomba. Mtaa mtulivu, watu wapole, hakuna anayenijua. Bado nashtuka mlango ukigongwa. Mjomba ameniapisha, nami nimeapa kwa dhati: sitapima tena nyumba ya mtu aliye hai.

Ila nyuma ya nyumba hii kuna makaburi. Yamekaa ovyo ovyo, hayana hata njia ya kupita. Na wenye ndugu zao pale ni wengi, tena wana uwezo. Wakiona ramani nzuri, watakosaje kunichangia? Mjomba ana kamba ndefu ya kuanikia nguo.

Kesho asubuhi naanza.