Safari Isiyo na Mpango, Kama Ilivyopangwa

Jumatano, 2 Julai. Arras.

Balaa. Shemeji Gontran, kaka wa mke wangu, alikuja kula mchana, akala kwa niaba ya watu wawili, kisha akaegemea kiti na kuanza kujigamba. Yeye na lile gari lake la kulala, lenye kitanda ndani, hawajui leo watalala wapi, wala kesho. Huondoka tu! Mwaka jana aliokota kijumba cha wageni kando ya mto Sioule, kwa Bi Roudaire, samaki anatoka mtoni anaingia kikaangoni. Hakukijua, hakukitafuta, alikata kona tu akakikuta. "Safari ni safari, shemeji," akaniambia huku akinipigapiga bega. "Siyo ukaguzi."

Odile alicheka. Mke wangu hacheki hivyo kwa vichekesho vyangu. Gontran alipoondoka akafunga bomba la maji, akanigeukia. Mwaka huu tunashuka kusini polepole, kwa barabara ndogo, bila mpango wowote. Hataki ratiba, hataki chumba kilichowekwa. Akanikumbusha Normandie, nilivyomtoa kanisani mbiombio kabla hajamaliza kutazama madirisha, eti muda wa madirisha umekwisha. Akasema hakuolewa ili awe abiria. Akiona ratiba tu, anapanda treni kwenda kwa dada yake Solange, Nantes, na hata Septemba nisimsubiri. Hakupaza sauti. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikaapa kwa kichwa cha mama. (Mama yu hai. Jioni nilimpigia simu kumwomba radhi, bila kusema ni ya nini.)

Tatizo: vyumba vyote nimeviweka tangu Februari. Maisha yangu yote ya kazi nilipanga ratiba za treni. Mtu kama huyo haondoki nyumbani mwezi Julai, Ufaransa nzima ikiwa barabarani, bila kujua atalaza wapi kichwa. Ni wazimu! Basi tutasafiri bila mpango, kwa mpango. Vyumba vinabaki, nimevihamishia jina la Lambert, na kile cha Bi Roudaire nimekiongeza. Kila mwenye nyumba nimempa maagizo: tukifika, hunijui. Odile atafurahia bahati yetu, mimi nitalala usingizi. Sioni kasoro.

Jumamosi, 5 Julai. Champagne.

Tumeondoka! Odile amevaa kofia ya majani na anaimba. Saa za jioni nikajifanya nimepotea njia panda. Nikakuna kichwa. Nikasema, potelea mbali, tukate kushoto. Na tazama, nyumba ya wageni!

Mwenye nyumba, Bi Pruvost, nusura aniue. Nilimwomba asinijue, naye akaigiza kama yuko jukwaani. Akatupokea mlangoni mikono juu. "Sijawahi kukuona, bwana! Wala sauti yako sijawahi kuisikia kwenye simu!" Odile akaniangalia. Nikasema watu wa Champagne ni wachangamfu.

Lakini chumba kilikuwa na dirisha la kuelekea mizabibu, kama nilivyoagiza, na Odile akasimama pale muda mrefu. Akasema unaona, Anselme, ukiiacha dunia iende zake inakupa kitu. Nikakubali. Dunia hii imenigharimu barua mbili na simu za kutosha, lakini nikakubali.

Jumapili, 6 Julai. Bado Champagne, kwa aibu.

Leo tulipaswa kuwa Bourgogne kwa chakula cha mchana. Sungura wa haradali! Odile ndiye aliyeshika usukani. Mbele yetu kukawa na trekta la majani makavu. Nikasema tulipite. Akasema hapana, tulifuate, tuone linakokwenda. Asubuhi nzima tukatambaa nyuma ya trekta. Niliweza kuhesabu majani. Mwisho likaingia uani kwa mkulima, nasi tukaingia nalo. Mkulima hakushangaa hata kidogo. Alituuliza tunataka nini, Odile akajibu hatutaki kitu, mkulima akacheka, akatupatia kapu la cheri na kiti cha kukalia. Odile alikula cheri akitema kokwa mbali kama msichana. Mimi nilimfikiria sungura.

Kijijini nikasema nakwenda kununua kiberiti. Kibanda cha simu kina foleni. Mbele yangu bibi kizee anamsimulia mwanawe habari za goti lake. Nilipopata nafasi, mwenye hoteli akafoka kwamba sungura hawezi kusubiri watu wasiojiheshimu. Nikambembeleza. Nikamsifia mchuzi wake ambao sijauonja. Akalainika, akaahidi kutuwekea wa kesho.

Odile akauliza kiberiti cha nini, na sigara niliacha zamani. Nikasema huwezi kujua.

Jumatatu, 7 Julai. Bourgogne.

Sungura alikuwa mkavu. Ila hilo si neno. Jambo ni kwamba Odile ameacha kuimba.

Jana niliponunua kiberiti, alinifuata kuniletea pochi niliyoisahau. Hakufika karibu. Alisimama ng'ambo ya barabara akaniona kibandani, mgongo nimemgeuzia, natabasamu, natikisa kichwa, nabusu ncha za vidole. (Ule mchuzi!) Ameniambia leo asubuhi bila kuniangalia, akipaka siagi kwenye mkate. Akauliza nilikuwa naongea na nani. Nikasema na mama. Akasema hajawahi kuniona nikimbusia mama yangu vidole.

Nami bado nina vyumba vinne vya kuthibitisha mbele. Mwenye hoteli wa kule Morvan anataka simu kila siku, la sivyo anampa mwingine. Julai hii!

Jumatano, 9 Julai. Kando ya barabara, Morvan.

Barabara imefungwa. Mashindano ya baiskeli! Askari ameweka kizuizi, hakuna gari linalopita mpaka jioni. Nikamweleza kwamba tunasubiriwa. Odile akageuka: tunasubiriwa na nani? Nikasema, kwa maana pana: na maisha.

Watu wote wametoa meza za kukunja, chupa, soseji, jibini, wamekaa kama harusini. Familia moja ikatusogezea viti. Odile akakatiwa tikitimaji, akapewa mtoto mchanga wa kumshika, akafundishwa majina ya waendesha baiskeli. Akaanza tena kuimba, chinichini. Akaniambia hii ndiyo siku nzuri kuliko zote tangu tuondoke, na labda kwa miaka mingi. Nilimwangalia, kofia imemkaa upande. Nampenda mke wangu. Ningekaa pale kwa raha zangu kama chumba kisingekuwa kinaponyoka.

Kibanda cha simu kilikuwa ng'ambo. Nikasema nakwenda haja ndogo. Nikachungulia kulia, hakuna baiskeli. Nikakimbia. Kumbe magari ya matangazo ndiyo hutangulia! Yakaja kwa muziki na makelele, watu juu wanarusha vijizawadi, soseji kavu ikanipiga shavuni, umati ukashangilia, askari akapuliza filimbi mpaka akawa mwekundu. Nilifika kibandani na soseji mkononi. Mwenye hoteli akasema chumba amekitoa muda si mrefu, kwa watu waliopita tu njiani na kuuliza. Watu waliopita tu! Nikamwambia huo ni mwisho wa ustaarabu.

Nilipotoka kibandani, umati mzima ulikuwa unaniangalia. Na Odile katikati yao, hacheki. Tukalala kwa ile familia ya meza ya kukunja, kwenye kitanda cha binti yao. Odile alinipa mgongo.

Alhamisi, 10 Julai. Alasiri, njia ya kwenda Sioule.

Asubuhi amesimamisha gari chini ya miti ya mipopla. Akazima injini. Akauliza, "Anselme, ni nani?"

Nikajua maji yamenifika shingoni. Nina njia mbili. Nikikiri ratiba, anashuka hapa hapa na Septemba simwoni. Nikikana, haniamini. Ndipo likanijia wazo la kipumbavu ambalo pale niliona ni la kishujaa. Ndoa hupona ugonjwa wa mwanamke wa nje. Tumeona kwa majirani. Ratiba alishasema haisameheki. Nikainamisha kichwa, nikasema anaitwa Paulette.

Odile akaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikanyoosha mkono. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akaweka paji la uso kwenye usukani, honi ikalia, ng'ombe wakageuka. "Mwanamke? Wewe? Bwana wee, ungekuwa na mwanamke ungekuwa umemwekea nafasi tangu Februari!"

Februari hasa! Nilitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

Akaniambia najua huna mtu, mjinga wee, una nini lakini? Nikasema nazeeka. Akanishika mkono, akauacha pale juu ya gia kwa vijiji kadhaa. Mchana tulikula mkate na jibini ukingoni mwa mfereji, na nikajisemea, Anselme, umenusurika, futa vyumba vyote vilivyobaki. Nilimaanisha. Nikasema nakwenda kujinyoosha miguu, nikaenda kwenye simu kufuta chumba cha Sioule. Bi Roudaire akapokea. Akasema samaki wamefika asubuhi ile, wakubwa. Dirisha ameliosha mwenyewe. Ningefanya nini? Nikathibitisha.

Alhamisi hiyohiyo, jioni. Sioule.

Nimeumbuka.

Tukakata kona. Nikasema lo, Odile, kijumba! Akasema huenda ndicho cha Gontran. Mlango ukafunguka, akatoka Bi Roudaire, mama mnene mwenye sauti ya kuita mbuzi, aliyesahau kila agizo langu. "Bwana Lambert! Hatimaye! Na huyu ndiye mwenyewe? Jamani, simu zote zile kwa ajili ya dirisha!"

Odile akauliza kwa upole, Lambert ni nani. Bi Roudaire akatutazama mmoja mmoja na kuelewa vibaya kabisa. Akashika mdomo. Akamwambia Odile pole sana, mama, kumbe wewe ndiye mke wa nyumbani.

Nikaona mke wangu anavyobadilika rangi. Utani wa asubuhi ukawa si utani tena. Hapo sikuwa na pa kujificha. Nikasema hakuna Paulette, hajawahi kuwepo. Lambert ni mimi. Vyumba vyote ni vyangu, Champagne, Bourgogne, Morvan, hiki, na vinavyofuata mpaka baharini.

Akakaa kwenye benchi la mlangoni. Akasema, "Bora angekuwa Paulette."

Bi Roudaire, akitaka kusaidia, akasema mbona si ajabu, waungwana wengi hupiga simu mapema, kuna yule Bwana Gontran wa gari la kulala, huyo huweka chumba kila Januari, tena gari hulificha nyuma ya zizi, hapendi kulala ndani, linamuumiza mgongo. Nilitaka kushangilia. Gontran! Januari! Kabla yangu! Nikamwambia Odile unaona? Hakuona. Alisema wanaume wa maisha yake wote wawili ni waongo wa aina moja, ila kaka yake hakumwapia kwa kichwa cha mama.

Akala samaki wake wote, na wangu nusu. Halafu akauliza swali moja. Lile trekta nalo nililipanga? Na zile cheri? Na ile familia ya barabarani, na mtoto? Nikaapa kwamba hapana, Odile, hayo yalikuwa ya bahati kabisa. Akanitazama kwa huzuni ambayo sijawahi kuiona kwake. Akasema hawezi kujua tena. Ndilo ninaloogopa zaidi kuliko treni: nimemharibia hata yale nisiyoyagusa.

Ijumaa, 11 Julai. Stesheni.

Nimempeleka. Aliniomba, nikampeleka. Stesheni ndogo, maua ya geranio, hakuna mtu. Alinunua tiketi ya Nantes yeye mwenyewe. Nikataka kumwambia behewa gani lina kivuli, akainua kidole kunizuia.

Akapanda. Akashusha dirisha. Akasema nisimfuate, nisimpigie, nisimpangie. Akasema kama ninataka arudi, basi nikae mahali, popote, nisijue kitakachotokea, nione kama nitakufa. Machozi yalikuwa yanamtoka, na mimi pia, nikasahau hata kuangalia kama treni imeondoka kwa wakati. Iliondoka. Nikabaki na kofia yake ya majani, aliyoisahau kwenye kiti cha gari.

Nimekaa kwenye benchi la stesheni. Sijui kitakachotokea. Sikufa. Kwa kweli nilihisi kitu kama utulivu. Odile ana haki. Nimebadilika. Nimeandika hapa ili ijulikane.

Ijumaa hiyohiyo, mchana. Varennes-le-Pont.

Nilikuwa bado kwenye benchi lile, nimebadilika, wazo liliponijia. Kwenda Nantes lazima abadilishe treni hapa Varennes-le-Pont. Na treni ya kuunganisha huondoka kabla ya treni yake kufika! Huondoka ikiwa bado inaiona ya kwetu inaingia! Abiria waliandika malalamiko miaka nenda rudi. Najua, maana ratiba hiyo ni yangu, na niliitetea kwa jasho. Mke wangu atakwama hapa mpaka jioni, peke yake, bila kofia, kwa sababu yangu.

Nimeendesha kama mwizi. Nimemtangulia. Na sikupanga lolote! Yaani, kuhusu kukutana. Itakuwa bahati tupu. Atashuka, ataiona treni yake inatokomea, atageuka, na mimi nitakuwa napita tu na gazeti. Odile! Wewe hapa! Mbona dunia ndogo! Ataona kwamba hata yasiyopangwa hutuleta pamoja, na hiyo si ndiyo hoja yake?

Mkahawa wa stesheni una meza moja nzuri, ya dirishani. Nimeiweka, kwa jina la Lambert. Mhudumu nimemwambia hanijui, hajawahi kuniona. Amesema kweli hanijui. Kijana mwerevu. Nimefanya mazoezi ya kushtuka kwenye kioo cha msalani, mara ya mwisho mzee mmoja aliyekuwa ananawa mikono akashtuka pia, kwa hiyo nadhani inaaminika.

Treni inaingia. Gazeti nalishika kwa mkono wa kushoto, ili wa kulia uwe huru kushika kifua nitakaposhtuka.