Vidonge vya Kukaa Macho Mbele ya Kituku

Jumanne, 4 Juni 1957. Voi.

Kituku alikuja saa nne asubuhi na kikapu cha viazi vitamu. Nilikuwa tayari. Nimeoga, nimevaa koti, sentensi nimeikariri tangu Jumapili. Nikaanza: Kituku, mwaka ule wa thelathini na moja... Nikalala! Kuamka, ameshaenda. Koti lake liko magotini pangu. Tryphena, mke wangu, anasema alinifunika mwenyewe, akasema mwacheni Karani apumzike, amefanya kazi nyingi.

Kazi nyingi! Niiandike basi, maana moyo wangu umechoka na sidhani nitaumaliza mwaka. Mwaka 1931 nilikuwa karani wa simu stesheni. Mchana mmoja wa joto nililala juu ya meza. Stesheni jirani ikapiga, ikapiga tena, sikusikia. Treni ya mizigo ikasimama nje masaa matatu. Stesheni masta alipouliza, nikasema ujumbe niliupokea na kumpa Kituku, mgeuza njia za treni, na yeye ndiye aliyelala. Mimi nilikuwa na elimu na shati jeupe. Nikaaminiwa. Kituku akafukuzwa. Mkewe Mumbe amekufa akiamini mumewe ni mtu wa usingizi.

Lazima nimwambie. Lakini niwe macho! Nimesoma kwamba wakati wa vita askari walipewa vidonge vya kufukuza usingizi. Kazi ni ndogo tu: kupata daktari wa kuniandikia.

Jumatano, 5 Juni.

Zahanati. Nilisubiri nyuma ya akina mama kumi na wanne. Dresa Mutiso, msaidizi wa daktari, akasema wazee wenzangu wanakuja kuomba dawa ya kulala, mimi naomba ya kutolala, je, nina shamba la kulinda? Watu wakacheka. Akanipimia haluli ya kuendesha tumbo.

Alhamisi, 6 Juni.

Sikulala. Wala sikukaa. Haluli ni dawa kali mno.

Ijumaa, 7 Juni.

Mpango mpya, wa akili zaidi. Nikaenda kwa Daktari Desai kule madukani, nikamwambia mimi ni dereva wa lori la Mombasa na usingizi utaniua njiani. Akaitazama fimbo yangu. Akauliza breki iko wapi. Nikasema chini. Akauliza chini upande gani. Nikasema inategemea lori.

Alicheka mpaka akavua miwani. Ikabidi nikiri kwamba nataka tu kuzungumza na rafiki yangu Kituku. Akauliza kama nalala kanisani. Hapana. Nikisoma gazeti? Hapana. Nikila? Hata kidogo! Mbele ya Kituku peke yake? Nikasema imetokea tu hivyo. Akaacha kucheka. Akasema ugonjwa huo anaufahamu, ila dawa yake haiuzwi, na kwa moyo wangu huu vidonge vile hawezi kunipa. Akakataa malipo. Hilo liliniuma kuliko kicheko.

Jumamosi, 8 Juni.

Kituku tena. Safari hii nililala kwenye herufi ya kwanza ya jina lake. Nilipoamka alikuwa amepigilia mguu wa kiti changu uliolegea, nami nikiwa nimekikalia. Sikuhisi nyundo! Tryphena anasema Kituku aligonga polepole asiniamshe.

Jumatatu, 10 Juni.

Nimefanya jambo baya. Nimeandika barua kwa mwandiko wangu bora, kana kwamba ni mchungaji wetu, kumwomba daktari Mzungu wa shamba la mkonge amsaidie mzee wa kanisa anayesinzia ibadani. Ili niungame uongo mmoja nimeshasema uongo mara tatu. Naandika haya huku uso unaniwaka.

Mzungu mwenyewe ni mzee kama mimi, mikono inamtetemeka. Akasoma barua, akasikiliza moyo wangu, akakunja uso. Kisha akanipa kidonge kimoja, kimefungwa kwenye karatasi. Akasema kwa Kiswahili chake cha amri: meza asubuhi na chai, na kama wewe kufa, usirudi hapa.

Jumanne, 11 Juni.

Nimemeza saa moja. Ajabu! Saa mbili nimefagia uwanja. Saa tatu nimemtajia Tryphena stesheni zote kutoka Mombasa hadi Nairobi, kwenda na kurudi. Aliniambia Baba Mable, kaa chini utaanguka. Sijawahi kuwa macho hivi tangu nizaliwe Werugha.

Saa nne nikasikia viatu vya Kituku kwenye changarawe.

Nikafumba macho.

Nikakoroma, Mungu anisamehe. Nikakoroma vizuri. Kituku akakaa karibu yangu, akamwambia Tryphena kwa sauti ya chini kwamba siku alipofukuzwa watu wote walimtania, Bwana Usingizi, Bwana Usingizi, na ni Karani peke yake aliyekuja nyumbani na mfuko wa unga. Amewaambia wanawe wasimsahau mtu huyo. Nikaongeza sauti ya kukoroma. Chozi likanitoka. Tryphena akalifuta kwa pembe ya leso, akamwambia Kituku ni moshi. Moto ulikuwa haujawashwa.

 

Jumatano, 12 Juni.

Nimefikiri sana, na kosa nimeliona. Kidonge kimoja ni kidogo! Kinafungua macho tu, mdomo hakiufikii. Wanasema Mombasa yuko daktari anayetoa viwili, hata vitatu, bila maswali. Nitakwenda Ijumaa kwa treni.

Tryphena hataki niende peke yangu. Tumemwomba Kituku anisindikize, naye amekubali papo hapo. Anasema lala tu njiani, Karani, usiwe na wasiwasi. Yeye atakaa macho.