Dufu Lenye Manyoya

Jumanne, 12 Oktoba 2021. Gitega.
Mzee Uthmani wa Muyinga, mkuu wa wapiga dufu, amesema nikimpelekea dufu zuri siku ya Maulidi, bintiye Riziki nitamuoa. Houssein, fundi mwenzangu, kaambiwa hivyo hivyo! Fundi gani yule? Analoweka ngozi kwenye majivu, kisha anangoja. Mimi singoji. Ngozi yangu ya mbuzi nimeipaka utomvu wa papai bichi. Manyoya yanang'oka kwa kidole! Nampenda Riziki. Nalipenda na papai.

Jumatano, 13 Oktoba.
Yanatoka, ila polepole. Houssein amepita akasema haraka haraka haina baraka. Wivu! Nikawaza: dawa ya kuyeyushia rangi inavua rangi ya lango la chuma. Itashindwa na mbuzi? Nimenunua chupa mbili dukani kwa Parveen, nikazimimina zote kwenye utomvu. Eti akili nyingi huondoa maarifa. Wanasema wenye chache.

Ijumaa, 15 Oktoba.
Ngozi inanuka gereji. Hata unyoya mmoja hautoki! Nimevuta kwa koleo. Koleo limevunjika. Parveen, aliyesomea kemia Bujumbura, kacheka mpaka akakaa chini. Anasema ndani ya utomvu mna vimeng'enya, ndivyo vinavyolegeza mizizi ya manyoya, na dawa yangu imeviharibu vyote. Nianze upya na utomvu mtupu. Kuanza upya! Nimeiwamba ngozi hivyo hivyo, na manyoya yake.

Jumanne, 19 Oktoba. Muyinga.
Houssein kapiga lake. Dum! Watu wakamswalia Mtume. Nikapiga langu. Pfu. Kama godoro. Mzee Uthmani akavua kofia, akajipepea, akauliza mbele ya wote, "We Hamissi, hii iko dufu ao iko mbuzi?" Riziki akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakitikisika. Nadhani alikuwa analia. Moyo umeniuma sana.

Jumatano, 20 Oktoba. Gitega.
Houssein kakubaliwa. Nimelia, sifichi. Halafu nikakumbuka mzee alipovua kofia. Kipara kitupu! Na mbuzi wangu je? Hakupoteza hata unyoya mmoja! Parveen mwenyewe kasema dawa ile inaharibu vinavyolegeza mizizi. Harusi bado. Kesho narudi Muyinga na chupa mbili za dawa ile, zawadi ya mzee. Nimejipaka mimi kwanza, kichwa kizima. Inachoma vibaya sana. Basi inafanya kazi.