Ombi la Kunyang'anywa Kozi za Hiari

Kwa Mkuu wa Idara ya Uhandisi Mitambo,
Ghorofa ya juu, mlango wenye kitasa kilicholegea.

Ndugu Mkuu wa Idara,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kile kiti chako kipya kimeshaelewana na mgongo wako. Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa tatu, yule msichana aliyewasha mashine ya kuchonga chuma ikazunguka kinyume mbele ya wageni. Nalitaja hilo ili unikumbuke, si ili unihukumu.

Nakuandikia kwa unyenyekevu kuomba unifutie haki ya kuchagua kozi za hiari za mwaka wa mwisho. Haki hiyo nimeijaribu, imenishinda, nami nairudisha ikiwa nzima. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mshauri wa masomo. Nilimwendea nimwulize nichague kozi zipi, maana nataka kuendelea na shahada ya uzamili. Akaniuliza, "Kwani wewe unapenda nini?" Nikamjibu napenda Mitetemo, yaani kujua kwa nini mashine hutikisika hadi ikajivunja yenyewe. Akatabasamu. "Basi fuata moyo wako." Nilipofika mlangoni akaniita tena. "Ila moyo wako upitie kwanza Hisabati ya Juu. Bila hiyo, huko uzamili watakurudishia getini." Ndugu Mkuu, moyo wangu na Hisabati ya Juu hata salamu hawapeani.

2. Mwenzangu wa chumbani, tunayemwita Kikokotoo. Yeye kachagua Usimamizi wa Karakana, kozi ambayo mwalimu wake hajapata kumfelisha mtu, hata aliyehama chuo katikati ya muhula. Anasema uzamili wanatazama alama tu. Nikamwuliza, sasa huko utasomea nini? "Nikishaingia ndani nitajua." Tangu siku hiyo, kila nikifungua kitabu cha Mitetemo namsikia akipiga mluzi, na mluzi wa mtu mwenye uhakika wa A unauma.

3. Barua za mapendekezo. Uzamili wanataka walimu wanaokufahamu wakusemee mazuri. Kwa hiyo sitazami tena kozi inafundisha nini, natazama mwalimu ana uso gani. Hii si kuchagua kozi, ni kuchagua wakwe.

4. Baba yangu. Hili ndilo hasa lililonikalisha niandike. Baba ni fundi friji. Likizo iliyopita nilifika nyumbani nikakuta kibao cha kibanda chake kimepakwa rangi upya: FUNDI FRIJI NA BINTI. Hayo maneno ya mwisho kayaandika kwa herufi kubwa kuliko yake mwenyewe. Alikuwa amesimama pembeni akijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. "Mama yako kaniambia kuna kozi ya friji hapo chuoni, tena ya kuchagua mwenyewe." Nikasema ipo, inaitwa Majokofu. "Basi," akasema, na uso wake wote ukacheka. Sikuwa na ubavu wa kumwambia kwamba nataka kwenda mbali kusomea mitetemo. Nikamsifia rangi.

Kwa sababu hizo, naomba utoe tangazo lenye mhuri kwamba Mitetemo ni lazima na Majokofu ni marufuku, hususan kwa wasichana ambao baba zao ni mafundi. Nitalipeleka nyumbani kwa uso wa huzuni. Na kwa kuwa utakuwa umeshashika kalamu, unichagulie pia mada ya utafiti, chuo cha uzamili, na viatu vya mahafali. Muda ukiruhusu, unichagulie na mume, ili shangazi zangu wawe wanakuuliza wewe.

Nisalimie karani wako, mafundi wote wa karakana, mama watoto, na watoto wenyewe.

Wako mtiifu, angalau katika barua hii,
Mwanafunzi wa mwaka wa tatu.

N.B. Kabla sijaileta barua hii nilipitia kibandani. Nilimkuta baba amelikumbatia friji la mteja, maana kila likiwaka linatikisika na kutembea lenyewe kuelekea mlangoni. Nikaliwekea mkono. Nikaanza kumweleza mitetemo, na katika kueleza, habari ya uzamili ikanitoka mdomoni yote. Halafu akauliza, "Huko kuna mtu anayejua hili linakwenda wapi?" Nikamwambia huenda mtu huyo akawa mimi. "Basi nenda, mwanangu. Ila kwanza nisaidie kulirudisha ukutani."

Kwa hiyo nimechagua mwenyewe: Mitetemo, Hisabati ya Juu, na Majokofu, ambayo hakuna aliyenilazimisha. Kumbe Mitetemo na Majokofu zinagongana Jumanne asubuhi, na karani wako anasema idara itanichagulia mojawapo. Ndugu Mkuu, mimi ni mtu mzima. Huo ni uonevu.